Orodha ya Wagumu Niliyoiacha Steshenari

Siku ya nne nilirudi kwenye steshenari ile karibu na stendi ya Moshi kutoa kopi nyingine, nikakuta faili langu bado liko palepale kwenye kompyuta yao. Ilikuwa orodha ya wagumu 23, wapagazi tunaopanda nao Kilimanjaro: majina matatumatatu, namba za simu, namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Kijana wa dukani hakuwa na nia mbaya. Ukimtumia faili kwa WhatsApp analishusha, anachapa, anaita anayefuata. Faili linabaki, na yeyote aliyekaa kwenye kiti kile siku hizo angeweza kuondoka nalo kwenye flashi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukimpa mtu namba hiyo, umempa na tarehe yako. Tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshamzoea. Lakini akipiga mtu anayetaja majina yako yote na siku uliyozaliwa, akasema yuko ofisi fulani, wengi wetu tutamsikiliza. Vijana wale walinipa namba zao wapate kazi ya mlima, si zizagae mjini. Nilisimama faili likafutwa mbele yangu, likatolewa na kwenye kapu la taka la kompyuta, na jioni nikawapigia wote 23 kuwaambia. Mmoja alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Asante kwa kusema, kaka." Kimya kile kiliniuma kuliko kama angenigombeza.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia hapo steshenari. Usiondoke kabla faili halijafutwa. Kama ulifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya dukani, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako uitoe kabla hujalipa, maana usipofanya hivyo meseji zako zitaendelea kusomeka pale hata ukiwa nyumbani Majengo umelala. Kama kinachotakiwa ni majina tu, futa safu ya NIDA kwanza. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ifungwe.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kuliona. Wageni wetu hutujazia fomu za afya kabla ya kupanda: presha, pumu, dawa wanazotumia, upasuaji waliowahi kufanyiwa. Msimu mzima nilikuwa nabandika fomu hizo kwenye huduma ya bure ya akili mnemba ili inipe muhtasari wa kumkabidhi kiongozi wa msafara. Huduma nyingi za namna hiyo huhifadhi mazungumzo, na baadhi huyatumia kufundishia modeli zijazo mpaka wewe mwenyewe uzime mpangilio huo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mimi nilikuwa nazituma nje ya nchi bila kumuuliza mgonjwa wala mzima.

Sasa modeli, yaani ile akili mnemba yenyewe, iko kwenye kompyuta mpakato yangu mwenyewe. Ina RAM ya GB 16, haina kadi ya michoro. Niliweka Ollama, programu ya kuendeshea modeli kwenye kompyuta yako, nikapakua modeli ya vigezo bilioni 8 (hicho ndicho kipimo cha ukubwa wake) iliyobanwa ipungue uzito, faili la karibu GB 5. Pakua usiku kwa Wi-Fi, bando litakuisha. Ikishapakuliwa, zima Wi-Fi uiulize swali: ikijibu, kazi inafanyika hapohapo mezani. Kipimo hiki ni muhimu, kwa sababu Ollama hiyohiyo siku hizi ina na modeli zinazokaa kwenye seva za mbali, na ukichagua hizo umerudi ulikotoka.

Haina kasi, na Kiswahili chake kinachechemea. Mimi huiomba muhtasari kwa Kiingereza, halafu naandika Kiswahili mwenyewe. Safari moja iliandika kwamba mgeni ana pumu, ilhali fomu ilisema aliwahi kuwa nayo utotoni. Majina ya dawa na magonjwa nayasoma kwa macho yangu kila mara, hilo siliachii mashine.

Kuna mtego ambao mtu akikaa peke yake nyumbani hauoni. Ollama ikiwekwa tu huongea na kompyuta yako pekee, kwenye mlango namba 11434. Mwenzangu ofisini aliomba naye aitumie, nikaiweka isikilize mtandao mzima. Haiulizi nywila. Yeyote mwenye Wi-Fi ya ofisi, na wageni tunawapa, angeweza kuitumia au hata kufuta modeli zangu. Nilirudisha kama ilivyokuwa siku ileile, na mwenzangu huja kukaa kwenye meza yangu.

Modeli ya nyumbani nayo huacha nyayo. Unachoiandikia kwenye dirisha la amri hubaki kwenye faili la historia ndani ya folda yake, kwa hiyo kompyuta ikiibwa kwenye daladala, fomu zote zimeenda nayo. Nilisimba diski nzima, yaani niliifunga isisomeke bila nywila ndefu, kwa kutumia LUKS kwa sababu natumia Linux. Wa Windows waangalie kama wana BitLocker, inayofanya kazi hiyohiyo. Hili lifanye kabla hata ya kuweka modeli.

Kundi la Machame limeshuka jana, wote salama. Asubuhi nimefuta fomu zao na historia ya modeli. Orodha ya wagumu nimeichapa kwa printa ndogo tuliyonunua ofisini, nakala moja, bila safu ya NIDA.