Usizibe mlango wa gari la zamani kabla hujajua maji yanapita wapi

Ndugu mmoja wa Makambako ameniandikia: "Kaka, nina Hilux ya mwaka 1996, dabo kebini. Nikivuka spidi 80 redio haisikiki, na asubuhi magoti yanaganda. Nibandike nini milangoni?" Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, lakini ametonesha kidonda, kwa hiyo atanivumilia.

Hilux yangu ni ya rika hilohilo. Inazunguka Uyole, Tukuyu na Makete ikibeba mbegu za viazi na abiria wanaolalamika. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa gari la zamani ni debe tupu hasa: bati jembamba kwa nje, uwazi katikati, na jalada la ndani lililoshikwa na klipu zilizochoka. Barabara ikilitetemesha, bati linaimba. Ukipishana na malori ya Tunduma pale Igawa, linaimba pamoja na mbavu zako.

Nikalipeleka gereji moja, sitaitaja. Nikalipa nilichoambiwa bila kupunguza hata senti. Jamaa wakang'oa ile plastiki iliyo nyuma ya jalada, wakaitupa, wakajaza vipande vya godoro ndani ya milango kwa gundi ya viatu. Godoro! Sikujua, kwa sababu jalada lilirudi mahali pake na gari lilikuwa limetulia kweli. Ilipokuja masika ya Tukuyu, ambayo wenyeji wanajua hayana adabu, mlango wa dereva ukaanza kunuka kama kitanda cha mlevi. Baadaye rangi ya chini ikavimba, na nilipoigusa kwa bisibisi, bisibisi ikatokea upande wa pili. Nikawarudia. Fundi mkuu akacheka mbele ya vijana wake: "Mzee, gari la zamani lazima lioze." Hela nimeshasahau. Kicheko kile bado.

Sasa sikiliza, ndugu yangu, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa. Mlango haukutengenezwa uwe mkavu ndani. Mvua inapita pembeni mwa kioo. Raba ya kioo inafuta maji mengi, si yote. Yanayobaki yanateremka nyuma ya bati la nje na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini ya mlango. Plastiki ile ndiyo inayoyazuia yasihamie kwenye jalada na kwenye zulia. Sponji inayonyonya inayashika maji palepale kwenye bati, na gundi ikidondoka inaziba vitundu. Baada ya hapo unafuga kutu kwa gharama zako.

Nikalifanya upya mwenyewe, nyuma ya nyumba, na nasema kwa majivuno: wikiendi iliyopita mke wangu aliongea na simu kiti cha nyuma, tukiwa tunateremka kwenda Tukuyu, na aliyekuwa upande wa pili hakumwambia hata mara moja "ongeza sauti."

Nilianza na raba za mlango kabla ya kununua chochote cha kubandika. Funga mlango juu ya noti, kisha ivute. Ikitoka bila kubishana, raba imekufa, na upepo wa Makambako unaingia hapo. Kelele nyingi za mwendo mkubwa ni upepo tu, na hakuna cha kubandika kitakachoutibu. Baridi ya magoti nayo usiisingizie milango peke yake. Kagua hita. Magari mengi yaliyoishi Dar es Salaam hita ikivuja mafundi huunganisha mipira yake wakairuka, maana nani anaihitaji kule? Wewe wa Makambako unaihitaji.

Ndipo bati. Kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke hasa. Futa mafuta na vumbi kwa spiriti. Bandika butili, yaani shiti za raba nzito inayonata, yenye mgongo wa foili ya alumini kwenye bati la nje, upande wa ndani, na usihangaike kulifunika lote. Robo hadi theluthi inatosha kulinyamazisha, mradi uguse sehemu pana zilizo tupu. Gonga kwa kidole: palipokuwa panalia "ting" pawe "dup." Ukifunika kila kona unaongeza uzito tu, na bawaba za gari lenye umri huo hazikuomba mzigo. Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai butili hugoma kushika. Ipashe joto kwa draya ya saluni, kisha ikandamize kwa rola mpaka michoro ya foili ilale.

Juu yake weka povu lisilonyonya maji, lile lililofungwa matundu, kama la mikeka ya mazoezi. Kabla hujafunga, pandisha na shusha kioo, fungua na funga loki, uone hakuna kinachogusa. Mimina kikombe cha maji juu ya kioo kwa nje. Yasipotoka chini ya mlango, bado hujamaliza. Halafu rudisha plastiki. Ikiwa imeshatupwa, kata nailoni nzito ya shambani, uigandishe pande zote. Nunua klipu mpya, la sivyo jalada lenyewe litakuwa chanzo kipya cha kelele.

Vijana wanapenda kupiga picha milango inayong'aa foili kila mahali, wapate sifa. Sikatazi. Lakini kazi ya mlango ni ile isiyoonekana jalada likifungwa, na fundi asiyetaka uchungulie ndani kabla hajafunga, mkimbie. Nawaambia hivi kila siku, wananiona mzee mkorofi. Acheni uvivu wa kulipa na kuondoka! Kaeni pale gereji, mwone kinachoingia.

Wapo watakaoniuliza kuhusu ule utepe wa lami wa kuezekea, kwa kuwa ni rahisi. Gari likianikwa jua la Oktoba lami hulainika, hunuka, na huteremka. Pia, matairi ya matope yakivuma usitegemee milango. Hiyo inatoka sakafuni.

Wenye Land Rover Defender za zamani, nyinyi muwe makini mara mbili. Mlango wenu una fremu ya chuma iliyovikwa bati la alumini, na penye unyevu alumini huliwa pale inapokutana na chuma. Kwenu msibandike chochote kwenye ile kingo ya chini inayokunjwa. Acheni ipumue, na vitundu vyake mvizibue kwa waya kila masika yanapokaribia.