Nimempunguzia Mchumba Miaka Minane: Je, Huu ni Uongo Unaoruhusiwa?

SWALI

Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mjane, naishi Tanga. Marehemu mume wangu aliondoka miaka sita iliyopita akaniachia watoto watatu, wawili wameshaolewa. Sasa amejitokeza mtu wa kheri anataka kunioa, yeye ana miaka 45. Aliponiuliza umri nilishikwa na haya nikamwambia nina 41. Ukweli nina 49. Kichwa changu kimejaa mvi. Kila Alhamisi usiku najifungia chumbani napaka piko, rangi nyeusi ya nywele, kwa mswaki wa zamani, binti yangu mdogo asinione. Shoga yangu mmoja anayehudhuria darsa ananiambia nisijitese, eti hadithi imeruhusu mke na mume kudanganyana, na umri ni siri ya mtu. Akdi ya ndoa imepangwa Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Je, nina dhambi? Na nikisema kweli akaniacha? Naogopa kuzeeka peke yangu, Maalim. Magoti yananiuma, na juzi kondakta wa daladala kaniita bibi, nikalia njia nzima.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu. Nitaanza na hukumu ili usiendelee kusoma huku moyo unakudunda. Ulipomwambia 41 ulisema uongo, na uongo huo haumo katika ulioruhusiwa. Ni wajibu wako umwambie kweli kabla ya akdi. Mlango wa toba uko wazi, na toba ya uongo wa namna hii ni kuufuta kwa yule yule uliyemwambia.

Sasa nigeukie maneno ya shoga yako, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Hadithi anayoitaja ipo, na ni sahihi. Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliruhusu uongo katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na maneno ya mume kwa mkewe na ya mke kwa mumewe. Imo katika kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim. Tatizo ni kwamba watu wameishika kama mkia wa ng'ombe, inawavuta popote wanapotaka kwenda.

Tazama maneno yenyewe: mume kwa mkewe, na mke kwa mumewe. Huyo bwana ni mumeo? Hadi walii wako, msimamizi wako wa ndoa, aozeshe na yeye akubali mbele ya mashahidi wawili, yeye kwako ni ajinabi, mtu baki, kama huyo kondakta. Hadithi inazungumzia watu walio ndani ya ndoa tayari. Shoga yako anaitumia kukuingiza ndani ya ndoa kwa uongo, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Na hata ndani ya ndoa si kila uongo. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, alipoifafanua hadithi hii alisema makusudio ni kuonyeshana mapenzi, na ahadi za kupozana moyo na mfano wa hayo. Ama hadaa ya kumnyima mwenzako haki yake au kuchukua kisicho chako, hiyo ni haramu kwa itifaki (makubaliano) ya Waislamu. Mke akisema, "Hakuna mpishi wa pilau kama mama yako," na moyoni ana lake, hapo ndipo penye ruhusa. Umri anaoujenga mtu juu yake uamuzi wa kuoa hauingii hapo. Hukuniambia kama bwana huyu anatamani mtoto, lakini mwanamume wa miaka 45 akiambiwa mke ana 41 anaweza kuweka tumaini moyoni bila kulitamka. Ukimwachia tumaini hilo kwa tarakimu isiyo ya kweli, umemdhulumu haki yake.

Nitasema kwa ukali kidogo, na ukali huu haukuelekei wewe. Hoja hii nimeisikia darsani kwa kina mama, na nimeisikia kwa wanaume wanaoposa mabinti wa watu wakisema hawana mke, ilhali mke yuko nyumbani anapepeta mchele. Wote wanasoma hadithi ile ile. Anayeifundisha bila kutaja mipaka waliyoiweka maulamaa, ajue kuna nyumba zinazovunjika kwa maneno yake. Katika jambo la kuoana, Mtume (s.a.w.) alikuwa mwepesi wa kusema kweli hata ile inayouma. Fatima bint Qays alipomjia kutaka shauri, ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwambia Muawiya ni fukara hana mali, na Abu Jahm haweki fimbo yake chini. Aliwataja watu kwa aibu zao, na kusengenya tunajua hukumu yake, kwa sababu ndoa haifungwi juu ya giza.

"Umri ni siri ya mtu." Hili lina ukweli ndani yake, na sipendi kulitupa lote. Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa umri wake naye akamwambia muulizaji ashughulike na yake, kwamba si katika muruwa, yaani heshima ya utu, mtu kutangaza miaka yake. Na Abbas, ami yake Mtume, aliulizwa nani mkubwa, yeye au Mtume (s.a.w.). Akajibu: "Yeye ni mkubwa kuliko mimi, nami nilizaliwa kabla yake." Ona adabu, na ona kuwa hakuna neno la uongo humo. Jirani akikuuliza una miaka mingapi, una haki ya kumwambia umekula chumvi ya kutosha, ukabadilisha mazungumzo. Wenzako wa kikoba hawakudai tarehe yako ya kuzaliwa. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kusema 41 ni jingine. Na huyu aliyekuuliza ana haki ya kujua.

Kuna wanaojitetea kwamba hesabu za kalenda zinatofautiana. Hesabu ya Hijria, dada yangu, haipunguzi, inaongeza. Mwenye 49 kwa miladi ameshapita 50 kwa Hijria.

Sasa nikupe kisa ambacho natamani shoga yako angekusomea badala ya kile. Ummu Salama (r.a.) alifiwa na Abu Salama kwa jeraha alilolipata katika vita vya Uhud. Akabaki mjane mwenye watoto. Edda yake ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) akamposa. Fikiria ni nani anayeposa hapo. Mwanamke gani asingetaka kuonekana bora zaidi siku hiyo? Yeye akataja mambo yake mwenyewe: mimi ni mwanamke mwenye wivu mkali, nami nimeingia umri, nami nina watoto. Hakungoja kuulizwa. Na Mtume (s.a.w.) akamjibu moja moja: wivu, Allah atakuondolea, watoto wako ni watoto wangu, ama umri ulioutaja, basi nami umenipata mfano wa uliokupata. Kisa hiki amekipokea Imamu Ahmad.

Jibu hilo la umri nalisoma na kulirudia. Hakumwambia "bado u kijana." Hakumpamba. Alimwambia: nami pia. Huenda bwana wako, kwa miaka yake 45, naye ana goti linalomsumbua, na anangoja mtu wa kumwambia.

Kuhusu piko. Kubadilisha mvi kwa hina hakuna shida, ni jambo jema. Nyeusi tupu ndiyo yenye maneno. Siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, kichwa na ndevu vimekuwa vyeupe, Mtume (s.a.w.) akasema zibadilisheni na mjiepushe na nyeusi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Nawawi ameikataza nyeusi kwa mwanamume na mwanamke, akanukuu kwamba mwanachuoni Is-haq bin Rahawayh alimruhusu mwanamke anayejipamba kwa mumewe. Basi hata ukimfuata aliyeruhusu, ruhusa yake ni ya mwenye mume. Kujipaka piko ili mchumba asijue miaka yako ni hadaa, na aliyesema hadaa si haramu sijamwona. Nunua hina. Na mlango usiufunge tena, mwite binti yako akupake kisogoni usikofika.

Ama machozi ya ndani ya daladala, sitakuambia ni udhaifu wa imani. Mimi mwaka huu nimetimiza 63 kwa Hijria, umri aliofariki nao Mtume (s.a.w.), akafariki nao Abu Bakr, akafariki nao Umar. Tangu Rajabu naswali juu ya kiti cha plastiki pembeni ya safu. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa natoka nyumbani nikinuia kusujudu chini, nikifika goti linakataa. Siku nilipokibeba kile kiti mwenyewe kutoka barazani nikaona kama msikiti wote umenigeukia. Hakuna aliyegeuka. Lakini uchungu ule nilikuwa nao, na kuusema si kosa. Nabii Zakaria aliusema kwa Mola wake: "Mola wangu, hakika mifupa yangu imedhoofika, na kichwa kinameremeta kwa mvi." Hakuficha mifupa wala mvi. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah asirudishwe katika umri dhalili, na aliposema kila ugonjwa una dawa aliubagua mmoja, uzee. Anayeuogopa ameogopa kitu kilichoogopwa na walio bora kuliko yeye. Ulie, kisha ufute uso.

Na mvi zile unazozipaka giza, imepokewa kuwa Mwislamu hapati mvi katika Uislamu ila huwa nuru kwake Siku ya Kiyama. Tukakatazwa kuzing'oa.

Wanaume nao niwaambie neno, kwani dada huyu hakuanza kudanganya bila sababu. Mnapouliza umri wa mjane kabla hamjauliza hali yake, na mkisikia hamsini mnatafuta njia ya kutokea, nyinyi mnashiriki katika kuwafundisha wanawake kupunguza miaka.

Namna ya kumwambia. Usimwandikie meseji. Mwite nyumbani, walii wako awepo au mmoja wa wakweo, mume wa binti yako, aliye mahram wako (asiyeweza kukuoa), umwambie: "Siku ile nilikwambia 41. Si kweli, nina 49. Niliona haya, naomba unisamehe." Usieleze sana. Kama hedhi imekatika au imeanza kuruka miezi, mfahamishe pia. Fomu ya ndoa itauliza umri na kitambulisho kina tarehe, na ni afadhali mara elfu alisikie kwako sebuleni kuliko alisome mezani mbele ya mashahidi.

Umeniuliza, akiniacha? Inawezekana. Sitakudanganya mimi baada ya kurasa hizi zote. Akiondoka, ameondoka kwa haki yake, nawe hukumwingiza nyumbani mtu ambaye ungemwogopa kila anapofungua mkoba wako wa vyeti. Akibaki, amekuoa wewe.

Na iwapo kuna dada mwingine anasoma haya na ameshaolewa kwa miaka ya uongo: ndoa yake imesihi. Kwa Mashafii, kama mume aliushurutisha umri ndani ya akdi yenyewe ikabainika hautimizi sharti, ana hiari ya kuivunja ndoa. Kama ilikuwa dhana yake tu au maneno ya kabla ya akdi, hana hiari, ila dhambi ya uongo inabaki kwa aliyesema, na atubie.

Mfunguo Sita haiko mbali, dada yangu. Mwite wiki hii. Allah akupe kauli nyepesi, amlainishe moyo, na akuepushie upweke unaouogopa. Ukipata jibu lake niandikie, lolote litakalokuwa.

Wallaahu a'lam.