Keshi, kumbukumbu, hifadhi au akiba?

SWALI: Mimi na wenzangu tunatengeneza tovuti ya kuonyesha bei za sangara, sato na dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba. Ilikuwa nzito kufunguka, basi tukawa tunaweka majibu kwenye ramu (sehemu ya kompyuta inayosomwa upesi) ya seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, na sasa inakwenda vizuri. Kwa Kiingereza mbinu hii huitwa cache. Katika taarifa kwa viongozi wa wafanyabiashara nimeandika "tumeweka keshi". Mwenzangu mmoja anataka "kumbukumbu", mwingine "hifadhi". Tena nimekutana na neno "kuakibisha", likanikera masikioni. Lipi ni sahihi? (Msomaji, Nyamanoro, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, andika akiba. Na kitenzi chake, kuakibisha, usikiogope. Ila kwa taarifa itakayosomwa na watu wa sokoni, neno hilo likisimama peke yake litawapotosha, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Tuanze na kazi ambayo neno linatakiwa kuibeba. Mtu akifungua ukurasa wa bei, seva huenda kwenye kanzidata, yaani ghala la data zote, hutafuta, hupanga, kisha hutoa jibu. Akija wa pili muda huohuo kuulizia sato yuleyule, kazi yote hurudiwa. Ninyi mmeliacha jibu la kwanza kwenye ramu ili walio nyuma walichukue lilivyo. Kusoma kitu kwenye ramu huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa, yaani makumi ya maelfu ya mara zaidi. Ndiyo maana mwaka 2003 mtengenezaji programu Brad Fitzpatrick aliitengeneza Memcached, programu ya kuweka majibu kwenye ramu, kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal, na mwaka 2009 Salvatore Sanfilippo wa Italia akaja na Redis, programu nyingine ya kazi kama hiyo. Shikilia tabia moja ya Memcached, maana ndiyo itakayotuamulia: ukiizima na kuiwasha tena, vyote vilivyokuwamo vimepotea. Nafasi ikijaa, huviondoa vile ambavyo havijaguswa kwa muda mrefu. Hakuna kinachoharibika, kwa kuwa bei halisi bado imo kwenye kanzidata.

Kwa hiyo "hifadhi" haifai. Wakazi wa Mwanza mna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane mbele ya macho yenu. Neno hilo linaahidi ulinzi na kudumu. Liache kwa diski na kanzidata, ambako ahadi hiyo inatimizwa.

"Keshi" nayo iondoe leo. Sokoni keshi ni fedha taslimu. Mchuuzi akisoma kwamba mfumo wa bei "umewekewa keshi", ana haki ya kuuliza ni kiasi gani na kimetoka mfuko wa nani.

"Kumbukumbu" ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi, kwa sababu ni nusu ya jibu. Ni jina zuri la mahali, yaani hiyo ramu, na vitabu vya kompyuta vya Kiswahili vimelizoea. Lakini si jina la kitu kilichowekwa humo. Pia katika ofisi zetu kumbukumbu ni maandishi ya kutunzwa: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za mauzo. Siku mtakapoandika "jana usiku tulifuta kumbukumbu zote", mafundi wataelewa kwamba mmesafisha ramu, na katibu ataelewa kwamba daftari la mauzo limepotea. Sentensi moja isibebe maana mbili zinazopingana namna hiyo, hasa inapohusu mali za watu.

Tunabaki na akiba. Anayetumia simu ya Android iliyowekwa Kiswahili amekwisha kuiona kwenye "Futa akiba", wala hashtuki. Ni kitu kilichowekwa kando, karibu na mkono, kitumike haja ikija. Lakini wahenga walisema akiba haiozi, na hapo ndipo neno linapomponza msomaji wa kawaida. Akiba ya seva inaoza, tena upesi. Bei ya dagaa ikibadilika asubuhi na jibu la jana bado liko kwenye ramu, mnunuzi atasoma bei ya jana akiamini ni ya leo. Kwa sababu hiyo nashauri muandike "akiba ya muda" kila mnapowaandikia wasio mafundi. Msiandike "nakala ya akiba", kwani wengi wataidhania nakala rudufu, ile ya kurejesha data zikipotea, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kuhusu kuakibisha: kinachokukera ni ugeni tu. Kiswahili kimezoea kuzaa vitenzi kutokana na nomino kwa kiambishi -isha au -esha: sababu, sababisha, hakika, hakikisha, orodha, orodhesha. Katika orodhesha tumepata -esha kwa kuwa mzizi una irabu o. Katika akiba irabu ya mwisho wa mzizi ni i, basi ni -isha. Kwa hiyo akibisha, jibu lililoakibishwa, muda wa kuakibisha. Mimi nalipenda neno hili, na natamani vijana wa kompyuta walitumie bila kuomba radhi.

Upatanisho nao uangalieni. Akiba haibadiliki umbo katika wingi: "akiba imefutwa" ikiwa ni yote kwa jumla, "akiba hizi zimefutwa" ikiwa mnazo kadhaa. Mnapotaja kitu kimoja kimoja ndani yake, kiiteni kipengee, kiende na ki- na vi-: kipengee kimekwisha muda, vipengee vimekwisha muda. Bei iliyochelewa kusasishwa imepitwa na wakati. Na ombi likikuta jibu kwenye akiba, limepata, lisipokuta, limekosa. Wavuvi wa ziwa lenu husema hivyohivyo kila asubuhi, hamna sababu ya kutafuta kingine.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ili bei zifunguke haraka, majibu yanayoulizwa mara kwa mara huwekwa kwenye akiba ya muda katika kumbukumbu ya seva, na hufutwa kila bei mpya inapoingizwa." Kipande cha mwisho kiandike ikiwa tu ndivyo mfumo wenu unavyofanya. Kama akiba huisha baada ya dakika kadhaa, taja dakika hizo, na juu ya ukurasa onyesheni saa ambayo bei ilichukuliwa.