Maswali ya Wakimbiaji: Kutoka Kilomita 10 Hadi 21

SWALI: Nakimbia kilomita 10 kwa dakika 55, mara tatu kwa wiki. Nimejiandikisha mbio za kilomita 21 Dar es Salaam na zimebaki wiki 12. Je, nitegemee kumaliza kwa saa 1 na dakika 50? Na mazoezi niyapange vipi?
*Msomaji wa Cheyo, Tabora*

JIBU: Ndugu yetu, hiyo saa 1 na dakika 50 isahau kwa safari hii. Kasi unayoimudu kwa kilomita 10 haidumu kwa 21. Wakimbiaji wengi hukadiria kwa kuzidisha muda wa kilomita 10 kwa 2.2, na dakika 55 zako zinakuja saa 2 na dakika 1. Hata hapo makadirio yanamfaa aliyekwisha kuzoea mbio ndefu. Wewe ambaye hujawahi kuvuka 10, lenga kati ya saa 2:05 na 2:10, yaani kila kilomita kwa dakika 5:55 hadi 6:10.

Kinachobadilika hasa ni mbio ndefu ya Jumapili. Ipandishe hivi kwa kilomita, wiki baada ya wiki: 12, 13, 15, 11, 15, 16, 18, 13, 18, 19, 13, kisha siku yenyewe. Zile wiki za kushuka usiziruke kwa sababu unajisikia vizuri. Pumzi huzoea haraka, lakini mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi, na wengi huumia katika hiyo nafasi ya katikati, wakati kifua kinasema twende na ugoko haujawa tayari. Huhitaji kufikisha 21 mazoezini. Aliyemaliza 19 bila kujikokota atazimaliza mbili zilizobaki.

Mbio ndefu ziende polepole, dakika 6:40 hadi 7:10 kwa kilomita. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Hapa ndipo vijana wa jogingi wanapoharibu: Jumapili inageuka mashindano ya mtaa, Jumanne miguu mizito.

Jumanne iwe siku ya kasi. Pasha misuli kwa dakika 15 za taratibu, kimbia dakika 10 kwa kasi ya 5:40, jikokote dakika 3, rudia. Kuanzia wiki ya saba vipande hivyo vya dakika 10 viwe vitatu. Alhamisi kilomita 7 au 8 za polepole, na ukiona mwili umekubali, kuanzia wiki ya tano ongeza kilomita 5 nyepesi Ijumaa.

Chagua njia. Mchanga mwingi wa pembeni mwa Tabora huvuta misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino. Tafuta changarawe iliyoshindiliwa. Raba za mtumba hazina ubaya, ila bonyeza soli kwa kidole gumba kabla ya kulipa: sponji isiyorudi imekwisha hata kama juu inang'aa. Maumivu ya ugoko yaliyosambaa na yanayopoa ukipumzika siku mbili tatu yanavumilika. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, yanayozidi kila unapokimbia, ni dalili ya ufa. Acha kukimbia, nenda hospitali.

SWALI: Mwaka huu nilikimbia 21 kwa mara ya kwanza. Hadi kilomita 15 nilikuwa nawapita watu. Kwenye 16 miguu iligoma, kizunguzungu kikaja, nikatembea hadi mwisho. Nilikunywa chai tu asubuhi, na njiani maji matupu.
*Dada wa Ipuli, Tabora*

JIBU: Dada, umejijibu nusu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na ukikimbia kwa nguvu hudumu kama dakika 90 hadi saa mbili. Asubuhi akiba ya ini imeshuka kwa sababu ya kulala. Chai tupu haikuijaza, na maji hayana wanga.

Kula saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kuanza: vipande vitatu vya mkate na asali, au uji mwepesi wa mchele wenye sukari. Karanga, maziwa na maharage viache hadi jioni ya ushindi. Njiani unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na Tabora hamna sababu ya kununua vipakiti vya jeli ya wanga vya bei mbaya. Kijiko kikubwa cha asali kina takribani gramu 17. Weka vijiko vinne kwenye kichupa laini cha kuminya, meza kimoja dakika ya 35 na kingine kila baada ya nusu saa, na kila kimoja ukisindikize kwa mafunda mawili matatu ya maji. Asali nzito bila maji huvuta maji tumboni, ukaishia kutafuta choo. Asiyeipenda achanganye gramu 60 za sukari, yaani vijiko vikubwa vitano vya msawazo, na robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji. Chochote utakachochagua, kijaribu kwenye mbio ndefu tatu kwanza, maana tumbo nalo hufundishwa.

Nusu ya pili ya jibu ni kule kuwapita watu. Chukua mkimbiaji wa kasi ya 6:05 anayeanza na 5:30: kilomita tano za mwanzo zinampa faida ya dakika 3 hivi. Akitembea tatu za mwisho kwa dakika 10 kila moja, amelipa karibu 12. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule wa aliyemfuata; walitenganishwa kwenye mstari wa mwisho. Hiyo ni kilomita ya 42. Nani alipita nani kwenye ya 10 hakuna anayeuliza.

SWALI: Kwapa na chuchu zinachubuka hadi damu kwenye mbio ndefu. Dawa?
*Msomaji wa Isevya*

JIBU: Mafuta ya mgando kwapani na mapajani, plasta kwenye chuchu, na fulana ya pamba ibaki nyumbani: ikilowa inakuwa msasa.

SWALI: Wenzangu wanasema sisi wa Tabora tuna faida Dar kwa kuwa tunaishi juu. Kweli?
*Mwalimu, Tabora mjini*

JIBU: Kidogo sana, Mwalimu. Mita 1,200 si mwinuko wa kutisha, na joto la pwani hula faida hiyo mapema. Kiangazi cha Tabora hewa ni kavu, jasho linakauka na kuupoza mwili. Dar hewa imejaa unyevu. Jasho linadondoka tu bila kukupoza, moyo unapiga haraka kwa kasi ileile. Ongeza sekunde 15 hadi 20 kwa kila kilomita kwenye lengo lako. Wiki mbili za mwisho kabla ya safari, kimbia mara tatu nne saa 9 alasiri, dakika 30 hadi 40 za taratibu, mwili uzoee kutoa jasho mapema. Safari ni zaidi ya kilomita 800, miguu huvimba kwa kukaa. Fika siku mbili kabla. Na katikati ya mbio ukisikia baridi au vipele vya baridi kwenye jua kali, au ukaanza kuchanganyikiwa, usijikaze: simama, ingia kivulini, mwagiwe maji kichwani na shingoni, uitiwe watu wa huduma ya kwanza.