Kuzamia kwenye mashua ndogo ya uvuvi iliyozama
Umeuliza kama mashua ndogo ya uvuvi iliyolala kwenye kina cha mita 18 inaweza kuwa na hatari yoyote kwa mzamiaji. Udogo wake ndio unaowadanganya wengi, kwani hatari kubwa haiko ndani ya mashua bali imeizunguka: nyavu zilizonasa kwenye rafadha, na mishipi ya nailoni, ambayo majini haionekani mpaka imekwisha kujisokota kwenye vali ya mtungi wa hewa. Mimi hubeba visu viwili, kimoja kifuani ambapo mkono wowote unakifikia, na nikinaswa hutulia kabisa, kwa sababu kujigeuza huzidi kukaza mshipi. Usiingie kwenye chumba cha injini, hata kama mlango unaonekana mpana. Teke moja la mapezi hutibua tope, na mlango huo hutauona tena. Afadhali uizunguke polepole ukimulika tochi chini ya ubavu wake, ambako chewa hupenda kujificha. Kwa kina hicho hewa hutumika takriban mara 2.8 ya inavyotumika juu, hivyo anza kurudi mapema, usipande kwa kasi inayozidi mita 9 kwa dakika, kisha subiri dakika 3 kwenye kina cha mita 5.