Gemu inaanza vizuri halafu inagandaganda: usikimbilie kununua RAM

Mkuu, usinunue RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) bado. Umesema mashine yako ni ya mtumba, umeitoa Kariakoo: prosesa (ubongo wa mashine) Core i5-8250U, RAM GB 8, kadi ya picha Nvidia MX150. GTA V inacheza safi dakika za mwanzo, kisha fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka na hazirudi mpaka ufunge gemu uiache mashine ipoe. Dukani wamekwambia dawa ni kuongeza RAM ifike GB 16. Nimekaa muda mrefu na mashine yenye prosesa na kadi hizohizo, na nimefungua nyingine nyingi za ndugu na majirani hapa Tabata, kwa hiyo nakueleza jinsi ninavyozisoma.

Kitu cha kwanza ninachouliza ni tatizo linaanza lini. RAM ikipungua, gemu husimama sekunde moja au mbili unapoingia mtaa mpya, diski inahangaika, halafu mambo yanaendelea. Kama gemu ni nzito tangu sekunde ya kwanza, huenda inatumia kadi ndogo ya ndani, UHD 620, badala ya MX150. Hilo unalirekebisha kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Graphics, unaichagulia gemu High performance. Ila mashine inayoanza vizuri, ikashuka na kubaki chini, inajilinda. Ama joto limezidi, ama umeme hautoshi. RAM ya GB 100 haitabadilisha hilo.

Sasa hakikisha. Pakua HWiNFO, programu ya bure ya kupima mashine, fungua sehemu ya vipimo, kisha ucheze hadi tatizo litokee. Angalia namba mbili kwa pamoja: kasi ya prosesa kwa GHz na joto lake. Prosesa yako ina kasi ya msingi ya GHz 1.6 na inaweza kupanda hadi 3.4. Kikomo chake cha joto ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe. Usishtuke ukiona imeshuka kidogo baada ya kama nusu dakika: Intel wameiruhusu ivute umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde 28 hivi, kisha irudi kwenye wati 15. Hiyo ni kawaida. Cha kukutia wasiwasi ni joto kukaa 95 na zaidi huku kasi ikienda chini ya 1.6.

Ukikuta hivyo, tatizo liko kwenye upoozaji. Mashine hizi za mtumba zimefanya kazi miaka kadhaa maofisini Ulaya kabla hazijafika kwetu, na wengi wanaoziuza hufuta kioo na kibodi tu. Ndani, kati ya feni na mapezi ya shaba, vumbi limeshikana likawa kama blanketi. Dalili yake unaisikia: feni inapiga kelele, lakini ukiweka mkono pembeni hewa inayotoka ni kidogo. Kupuliza kwa nje hakusaidii, kunalisukuma vumbi lizidi kubana. Mwambie fundi afungue mfuniko wa chini, achomoe betri kwanza, aitoe feni yenyewe, na akipuliza aishike isizunguke. Akishafika hapo, abadilishe na pesti ya kupitisha joto, ya prosesa na ya kadi, kwa sababu ile ya zamani huwa imekauka kama udongo. Simama naye uone. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshaona mashine "zilizosafishwa" ambazo blanketi lote lilikuwa bado ndani. Na Dar, Januari chumba kikiwa na nyuzi 32, huwezi kuiweka kitandani ukategemea ipumue. Iweke mezani, inyanyue nyuma kwa vizibo viwili vya soda. Hewa inaingia kwa chini.

Ukikuta joto ni la kawaida, tuseme 60 au 65, lakini kasi imeganda chini ya GHz 1, achana na feni, tazama chaja. Hapa watu wengi wanapotea. Chaja nyingi za laptopu za ofisini zina sindano nyembamba katikati ya ncha. Sindano hiyo inaiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Ukipewa chaja ya bandia ambayo mashine haiitambui, mashine inawaka, taa inawaka, lakini prosesa inawekewa breki kali na pengine betri haichajiwi. Mdogo wangu aliwahi kuambiwa mashine yake "imekufa bodi". Tulipochomeka chaja yenye wati sahihi, kasi ikarudi palepale. Soma maandishi madogo ya chaja: zidisha volti kwa ampea upate wati. Prosesa ya wati 15, kadi, kioo na betri inayochajiwa huenda visitosheke na wati 45 wakati wa gemu. Tafuta 65 au zaidi, kwa kadiri mashine yenyewe inavyotaka.

Jambo jingine kuhusu MX150: iko ya wati 25 na iko ya wati 10, na jina ni lilelile. Programu ya GPU-Z itakuonyesha, ya kwanza ina kasi ya msingi ya MHz 1468, ya pili 937. Kama yako ni ya pili, usijipime na video za mwenye ya kwanza.

Baada ya kusafisha, ipunguzie kazi. Nimeona faida kubwa kwa kuizuia prosesa isipande hadi juu kabisa, maana kule juu inapata kasi kidogo kwa joto jingi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCFREQMAX 2400, halafu powercfg /setactive scheme_current. Itabaki MHz 2400 ukiwa umechomeka umeme, na mchezo unakuwa tulivu. Ukitaka kuondoa, rudia amri ukiweka 0. Ndani ya GTA V zima MSAA (ya kulainisha kingo za picha), weka nyasi chini kabisa, punguza wingi wa watu mitaani kwa sababu unaielemea prosesa, kisha VSync (inayolinganisha fremu na kioo) iweke Half upate fremu 30 zisizoyumba. Mimi nachagua 30 zinazotulia kuliko 55 zinazoanguka hadi 18 katikati ya kona. Na hakikisha ni toleo la zamani, Legacy: lile la Enhanced la Machi 2025 linataka kadi yenye kumbukumbu ya GB 4 na SSD (diski isiyozunguka), na MX150 nyingi zina GB 2 tu.

RAM ya pili ni nzuri siku ukiwa na hela, SSD pia kama bado una diski ya kuzunguka. Ila kwanza cheza nusu saa HWiNFO ikiwa wazi, kisha niandikie kasi, joto la prosesa na la kadi, pamoja na volti na ampea za chaja. Ukiweza, piga picha ncha ya chaja pia.