Kilele cha maji ya mvua kwenye kalavati

Umeuliza kwa nini, ulipokokotoa kilele (mtiririko mkubwa kabisa) cha maji kwenye kalavati, eneo la hekta 40 linaloleta maji hapo limekupa mtiririko mdogo hivyo. Kosa liko kwenye mvua: umechukua milimita za siku nzima ukazigawa kwa saa 24. Kilele hakitokani na wastani wa siku. Tafuta kwanza muda ambao tone la mbali kabisa hutumia kufika kwenye kalavati. Ikiwa ni dakika 30, tumia ukali wa mvua ya dakika 30, kwa kipindi cha marejeo ulichopangiwa (wastani wa miaka inayopita kabla mvua kali kiasi hicho haijarudi).

Kisha Q = C × i × A ÷ 360; C ni sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni eneo kwa hekta, Q ni kilele kwa mita za ujazo kwa sekunde. Kwa C ya 0.4 na i ya 60, utapata takribani 2.7.

C ndiyo inayoponza wengi. Usiichague kwa ardhi ya leo tu, maana shamba likijengwa nyumba na kuwekwa lami, C hupanda sana na kalavati itafurika. Na eneo likizidi hekta 80 hivi, iache kanuni hii, chora haidrografu (mchoro wa mtiririko unavyobadilika kadiri muda unavyopita).